Mwaka Niliokula kwa Tumbo

Shangazi yangu Awuor alipopooza upande mmoja, mapema mwaka huu, koo lake lilipooza pia. Walimlaza katika hospitali moja mjini Migori, wakampitishia mpira puani mpaka tumboni. Asubuhi niliyofika kutoka Homa Bay, muuguzi wa zamu alinikabidhi bomba la sindano na kikombe cha maziwa, akaniuliza kama najua kulisha mgonjwa kwa mpira. Nilimwambia najua. Alisimama kidogo akanitazama nikiliinua bomba usawa wa bega na kuyaacha maziwa yashuke yenyewe bila kuyasukuma, kisha akaenda zake kwa wengine. Shangazi alifungua jicho moja, akakitazama kikombe, akanitazama mimi, na chozi likamtoka likapita pembeni mwa pua hadi kwenye ile plasta iliyoushika mpira. Hakuweza kusema. Alifariki kabla ya mvua za masika, na tangu tumzike nimekuwa nikiurudia mwaka mmoja ambao yeye na mimi hatukuuzungumzia tena, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa na hakuna hata tonge moja lililopita kooni mwangu mpaka mwishoni mwake.

Nilikuwa nakaa kwake Migori nikingoja matokeo ya kidato cha nne. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili nyuma ya soko, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake ya sabuni: madumu ya mafuta ya mawese ukutani, ndoo, miko ya mbao iliyobabuka ncha, na harufu iliyoingia mpaka kwenye mkate. Sabuni hiyo hupikwa kwa magadi makali ambayo watu wa kazi huyaita kostiki. Ukiyayeyusha kwenye maji huwezi kuyatofautisha na maji ya kunywa kwa macho. Siku hiyo jagi lake lilikuwa limepasuka, akamimina yaliyobaki kwenye chupa ya soda akaiweka dirishani. Mimi nilirudi kutoka kisimani jua likiwa utosini. Nilipiga funda moja kubwa kwenye chupa ile. Sikusikia ladha yoyote. Nilisikia mdomo ukichukuliwa kutoka kwangu. Shangazi aliingia kutoka uani, mikono yake ikiwa na povu, akaniona, akaiona chupa. Alikaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu, na mimi ndiye niliyemshika bega kumwinua ili anipeleke hospitalini.

Kutoka Migori walinihamishia Homa Bay, kwenye hospitali ambayo madirisha yake ya nyuma yalitazama ziwa lililofunikwa na magugu. Daktari Mutua, kijana mrefu aliyeongea kana kwamba kila neno lazima alipime, alinieleza kwamba umio, yaani njia ya chakula kutoka koo hadi tumbo, ulikuwa umeungua, na ukipona ungejifunga kwa makovu. Baadaye wangeweza kuupanua kidogo kidogo kwa vyuma, lakini si mapema. Kwa sasa walikuwa wamenitoboa upande wa kushoto chini ya mbavu na kupitisha mpira. "Utakula kwa hapa," alisema, akigusa shuka. Shangazi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Aliuliza, "Na atasikiaje kama chakula ni kitamu?"

Kitanda kilichopakana na changu kilikuwa cha mwanamke wa Kikuria kutoka upande wa Kehancha, mkulima wa tumbaku, ambaye sote tulimwita Mama Gati kwa jina la binti yake. Alikuwa na kansa ya umio. Yeye aliiita kidonda. Alikuwa na mpira kama wangu. Hakujua Kijaluo wala mimi sikujua Kikuria, kwa hiyo urafiki wetu wote ulikuwa wa Kiswahili cha sokoni, na mpaka leo nikikumbuka sauti yake naisikia katika lugha ambayo haikuwa ya nyumbani kwake wala kwangu. Kila mmoja wetu alikuwa na kopo la kutemea mate, maana hata mate hayakupita. Saa ya chakula cha mchana toroli la maharagwe na kabichi lilipoingia wodini, wagonjwa wengine walituonea huruma, wakageuza migongo wakala wakitazama ukuta. Mama Gati alilichukia jambo hilo kuliko kidonda. "Ona vile wanajificha," alininong'oneza. "Kama kuku ameiba mahindi."

Nilikuwa nimedhani kwamba mtu asiyepitisha chakula mdomoni atakaa na njaa moja kubwa isiyokwisha. Haikuwa hivyo. Njaa yangu iligawanyika ikawa mbili. Gati, binti yake Mama Gati, ambaye alikuwa wa rika langu na ndiye aliyekuwa akitulisha sote wawili wauguzi walipozidiwa, aliinua bomba, na uji mwepesi wa maziwa ukashuka. Mwanzoni nilisikia joto tu chini ya mbavu. Baada ya muda mfupi mabega yangu yalilegea, hasira iliyokuwa imenishika tangu asubuhi ikanitoka, na usingizi mtamu ukaja, uleule anaokuwa nao mtu aliyekula ugali na kitoweo akaegemea kiti. Sikuwa nimeonja kitu. Lakini mdomo wangu ulibaki umekaa wima kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni, ukingoja. Nilimweleza Mama Gati, nikidhani mimi ndiye nimeharibika kichwa. Alicheka mpaka akakohoa. "Hata mimi, binti yangu. Tumbo inasema asante, mdomo inauliza, lini?"

Tulimwuliza Daktari Mutua siku moja alipokuwa akikagua vidonda vyetu. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo madaktari hawakulifanya mara nyingi. Alituambia kwamba kwenye ukuta wa utumbo kuna seli zinazoonja. Hazijui kama kilichokuja ni ndizi au mkate, lakini zinaijua sukari, zinayajua mafuta, zinaijua protini, na zikionja tu zinapeleka habari, nyingine kupitia damu, nyingine kupitia neva ndefu inayopanda kutoka tumboni, ikipita kifuani na shingoni hadi chini ya ubongo.

"Ubongo ndio unaosema umeshiba," alisema. "Tumbo linapeleka habari tu."

"Sasa mbona mdomo bado una njaa?" niliuliza.

"Kwa sababu ubongo umezoea kupata habari mbili, ya ulimi na ya utumbo, moja baada ya nyingine. Wewe unaipelekea moja."

Kisha akatupa kazi. Mdomo wangu ukishapona kabisa, kila tunapolishwa tutafune kitu laini, tukionje vizuri, tukiteme chote kwenye kopo, na hapohapo uji umiminwe. Alisema ni kwa ajili ya meno na mate, na ili siku ya kumeza ikija mdomo usiwe umesahau kazi yake. Kilichokuwepo kwa wingi ni mapapai, maana nyuma ya jiko la hospitali kulikuwa na mipapai mitatu au minne iliyozaa bila kuombwa. Tangu utotoni nililichukia papai. Harufu yake ilinikumbusha nguo zilizokaa na majimaji. Nilitafuna kwa shida, nikatema haraka, na Gati akamimina. Wiki zilipita hivyo. Ndipo asubuhi moja nilipomsikia mpishi akipasua papai upande wa pili wa dirisha, na mate yakajaa mdomoni mwangu hata nikalazimika kulikimbilia kopo. Nilikuwa nalitamani. Ulimi wangu haukuwa umebadilika, na papai lilikuwa lilelile; ni tumbo lililokuwa likimwambia mtu asiyeonekana huko juu kwamba kila harufu ile inapokuja, maziwa na sukari huja nyuma yake, naye akaamini. Sasa hivi nafundisha biolojia, na nikifika kwenye somo hilo huwa natumia maneno yanayokubalika kwenye mtihani. Lakini sijawahi kulifundisha bila kusikia kisu cha yule mpishi.

Ubongo huo haukubali kudanganywa. Ulipofika msimu wa kukausha tumbaku, Gati aliitwa nyumbani kusaidia, na katika siku hizo maziwa ambayo shangazi alikuwa akituletea yaliharibika njiani kwa joto, na ya hospitali yakawa yametengwa kwa watoto mpaka gari lifike. Mama Gati alikata shauri. Tulitafuna papai, tukatema, kisha akanijazia maji ya uvuguvugu kwenye mpira, nami nikamjazia yeye. Tumbo langu lilikaza kama ngoma. Kwa muda mfupi nilitulia, nikafikiri tumeshinda. Kisha njaa ikarudi ikiwa na ghadhabu, mikono ikanitetemeka, na jasho jembamba likanitoka shingoni, huku tumbo bado limejaa tele. Nililia kwa mara ya kwanza tangu siku ya chupa. Mama Gati alilala chali, mikono juu ya shuka. "Imejua," alisema. "Imeonja maji huko chini, imejua hakuna kitu." Gari la maziwa lilifika jioni.

Shangazi Awuor alikuja kutoka Migori kila wiki, na kila alipokuja nguo zake zilikuwa zimemzidi tena. Alileta unga wa wimbi aliousaga laini, maziwa, shuka safi zisizo na harufu ya sabuni yake, kwa kuwa alikuwa ameacha kuipika. Alikaa kwenye stuli, akanishika mguu juu ya shuka. Nilijua kwamba hakuwa akila chochote nilipowaona wauguzi wakimtazama yeye badala yangu. Mlango wa wodi haukufungika vizuri, na alasiri moja nilimsikia huko nje akiongea na Daktari Mutua kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Daktari, chukua koo langu umpe."

"Mama, jambo hilo haliwezekani."

"Mimi sina kazi nalo. Nikiweka chakula mdomoni kinageuka mchanga. Chukua."

Nikamsikia Daktari akisema taratibu, "Mama Awuor, ukiendelea hivi nitakuandalia kitanda karibu na chake." Baadaye nilimwuliza inawezekanaje mtu mwenye koo zima na tumbo zima asiweze kula. Alijibu kwamba habari kutoka tumboni hupanda zote, lakini ubongo ndio wenye mlango, na mtu akiwa na huzuni ya kiasi kile, mlango unaweza kufungwa kabisa. Sikulala mchana huo. Nilikuwa na hasira naye, siwezi kusema sikuwa nayo. Lakini nilipomsikia akiligawa koo lake hivyo, nilitambua kwamba nikimwacha, funda lile litatuua wawili.

Wiki iliyofuata nilimtuma Gati, aliyekuwa amerudi, kwenye kibanda cha nje ya geti. Alileta sahani ya ugali na samaki wa kukaanga, mafuta bado yakichemka kwenye mapezi. Nilimwambia aiweke mapajani mwa shangazi.

"Waya, kula," nilisema. Ndivyo tunavyomwita shangazi nyumbani.

"Nimekula Migori, nyathina," alijibu, akiniita mwanangu kwa Kijaluo.

"Hujakula. Kula hapa nikuone."

Alitikisa kichwa, akataka kusimama. Mama Gati ndiye aliyemkalisha. "Mama, kula," alisema kutoka kitandani kwake. "Hapa kila mtu akikula anatuficha. Sisi tunataka kuona chakula vile inapita. Tufanyie hiyo."

Shangazi alimega tonge, akalichovya, akaliweka mdomoni. Alitafuna muda mrefu, macho yakiwa sakafuni. Nililiona koo lake likipanda, likakataa, likapanda tena, na tonge likashuka. Nililifuata kwa macho mpaka lilipopotea chini ya ukosi wa gauni, na bila kujua nilikuwa nimeshika koo langu mwenyewe. Alimega la pili. Machozi yalimdondoka kwenye samaki, naye hakuyapangusa kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

"Chumvi iko sawa?" Mama Gati aliuliza.

"Iko sawa."

"Hapo kwa shavu la samaki ndio kuna utamu. Usiache hapo."

Akala shavu. Akala mpaka mifupa ikabaki mitupu, na wodi nzima, wale waliozoea kula wakitazama ukuta, walikuwa wamegeuka wakimwangalia. Sikumbuki mlo wowote maishani, hata wa harusi yangu, nilioufuatilia kwa makini kama huo ambao sikuula. Tangu siku hiyo shangazi hakutuficha tena mlo wake. Alikula kwenye stuli ile kila alipokuja, na mwili wake ukaanza kurudi.

Wa Mama Gati haukurudi. Alikuwa akipata uji uleule niliokuwa nikipata, maziwa yaleyale, kwa bomba lilelile, na mimi nilinenepa mashavu huku yeye akiisha. Mifupa ya mabega ilijitokeza, pete ikamtoka kidoleni akaifunga kwenye kona ya leso. Usingizi mtamu wa baada ya kulishwa ulimhama. Alisikia kichefuchefu uji ukishuka, akamwomba Gati amimine polepole, kisha polepole zaidi. Papai hakutaka hata kulinusa. Daktari Mutua alimweleza Gati kwenye ule mlango usiofungika kwamba kidonda nacho hupeleka habari zake kwenye ubongo, kila siku, na kwamba sasa sauti yake imekuwa kubwa kuliko ya chakula. Gati aliuliza kama akiongeza maziwa itasaidia. Daktari alisema aongeze kama kunampa mama yake faraja. Alichomaanisha Daktari, Gati alikielewa, nami nilikielewa pia, na Mama Gati aliyekuwa amefumba macho alikuwa amekielewa kabla yetu. Asubuhi iliyofuata aliomba kurudishwa nyumbani. Alipokuwa akiwekwa kwenye kiti cha magurudumu aliniambia, "Wewe utameza, binti yangu. Ukimeza usifanye haraka."

Nilimeza mwishoni mwa mwaka ule, baada ya vyuma vya Daktari Mutua kupita kooni mwangu mara nyingi, na maumivu yake sitayaeleza. Lakini habari kutoka Kehancha zilifika kabla ya hapo, mpira ukiwa bado tumboni mwangu. Daktari aliniruhusu niende kwenye mazishi mradi shangazi aandamane nami.

Walimzika kando ya shamba lake, karibu na banda la kukaushia tumbaku. Baada ya sala watu walikaa kwenye viti na kwenye nyasi, na sahani zikaanza kuzunguka, ugali wa wimbi na nyama. Mdogo wa marehemu, mama mtu mzima mwenye sauti nzito, aliniletea sahani yeye mwenyewe. Nilishukuru, nikasema siwezi. Akaisogeza tena. Alisema nimetoka mbali kwa ajili ya dada yake, na hakuna mgeni wa dada yake atakayeondoka pale bila kula. Shangazi alijaribu kumweleza, watu wa karibu wakanyamaza ili wasikie, na macho yakaanza kushuka kwenye tumbo langu. Nilitamani ardhi ifunguke. Hapo Gati alitokea nyuma ya viti, akamwambia mama yake mdogo maneno machache ya Kikuria, akanishika mkono akaniingiza ndani ya nyumba.

Chumba kilikuwa cha mama yake. Kitanda kilikuwa kimeondolewa godoro, kimebaki mbao. Vyombo vilikuwa pale mezani chini ya kitambaa cheupe, vimeoshwa: bomba la sindano, chujio, jagi. Gati alileta uji wa wimbi kutoka jikoni, akauongezea maji, akauchuja, akajidondoshea tone kwenye kifundo cha mkono kupima joto. Nilikaa kwenye mbao nikafungua kitambaa cha tumboni. Alilishika bomba chini, karibu na tumbo langu, ili uji ushuke polepole jinsi mama yake alivyopenda, kisha akakumbuka, akaliinua usawa wa bega. Uji ukaanza kushuka. Nje tulisikia watu wakiongea, sahani zikigongana, mtoto akikemewa. Baada ya muda mabega yangu yakalegea, na ule utulivu ukaja, mzima, mtamu, kana kwamba hakuna kaburi lililochimbwa hatua chache kutoka pale. Niliona aibu kwamba mwili wangu ungeweza kupewa amani mahali kama hapo, siku kama hiyo, nao ukaipokea bila kuniuliza.

"Umeshiba?" Gati aliuliza.

"Nimeshiba."

Alisimama akiwa ameshika bomba tupu. "Mama aliacha kusema hivyo," alisema. "Namwuliza umeshiba, ananiambia, mimina tu. Namimina, namwangalia uso, hakuna kitu. Mpaka mwisho nilikuwa namimina tu."

Nilimshika kiwiko, na nikausikia mfupa wake chini ya sweta, nikajua kwamba hata yeye hajala, na kwamba hajala kwa muda mrefu. Aliangalia ndani ya jagi. Uji ulikuwa umebaki karibu nusu. Kwa kitambo alionekana kama mtu anayetaka kuumwaga. Kisha akaliinua jagi lenyewe mdomoni, akanywa akiwa amesimama, polepole mwanzoni, halafu kwa pupa, uji ukimtiririka kidevuni. Nje mama yake mdogo alimwita kwa jina, akamwita tena. Hakuitika mpaka alipomaliza.